Jina Lililopatikana

Asubuhi ile, kwa mujibu wa kompyuta ya chama cha wafugaji cha Mmamotlhware, ng'ombe wote wa kijiji walikuwa mali ya Mma Seabelo.

Mma Seabelo, maana kwao mwanamke wa heshima huitwa Mma na mwanamume Rre au Rra, alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, tena mkongwe, ambaye jana yake aliinuliwa na watu wanne ndipo akasimama. Habari ilipotoka ofisini na kupita kwenye foleni, alijikongoja mpaka dirishani, akatia kichwa ndani.

"Nasikia nimekuwa tajiri. Nani anakuja kunioa?"

"Mimi, Mma," mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma. "Ila mahari utatoa wewe."

Watu walicheka, kicheko kifupi kilichokatika mapema. Nje, lori la mnunuzi lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume kwenye kipandio cha miti. Pembeni ya kipandio ng'ombe walisimama mazizini, vichwa chini, mbavu zinahesabika. Mnunuzi alikwisha kutuma neno kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Baada ya leo hanunui, kwa sababu yeye hufanya biashara ya nyama, si ya mifupa. Na lori lilipaswa kuondoka kabla jua halijapinda sana, maana kituo cha ukaguzi barabarani hufungwa jioni.

Ndani ya ofisi Boitshepo hakucheka. Alikuwa karani wa chama tangu alipomaliza masomo yake ya jioni ya kompyuta, masomo aliyoyaanza akiwa mtu mzima mwenye mtoto, akisoma na vijana waliomwita mama. Alivuta kiti karibu, akafunga macho kidogo, midomo ikicheza. Bwana, nionyeshe kosa lilipo.

Jedwali lilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa na namba zilizosomwa asubuhi ile kwa ile fimbo inayolia pii ikisogezwa kwenye hereni ya sikio la ng'ombe. Wa pili ulikuwa sajili: namba ya hereni, na kando yake jina la mwenye ng'ombe. Kazi ya fomula ilikuwa moja tu, ichukue namba, ikaitafute kwenye sajili, irudi na jina. Bila jina hakipatikani kibali, na bila kibali ng'ombe hapandi lori.

"Vipi, binti yangu?" Rre Ditirwa, mwenyekiti wa chama, alisimama nyuma yake akipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Dereva ananitazama kama nimemwibia mke."

"Fomula haikuambiwa itafute namba ileile hasa, Rra. Imeridhika na yoyote iliyoona inakaribia. Ikapotea njia, ikaishia mstari wa mwisho wa sajili. Na mstari wa mwisho ni Mma Seabelo."

"Basi iambie."

Akaiambia. Aliongeza lile neno dogo mwishoni mwa fomula, akaivuta kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina la Mma Seabelo likafutika kote. Mahali pake ikatokea #N/A, mstari baada ya mstari, ambayo kwa lugha ya kompyuta maana yake haipo.

"Haipo, haipo, haipo," mwenyekiti akasoma, akipangusa tena miwani. "Afadhali alipokuwa na ng'ombe Mma Seabelo."

Aligeukia dirisha, akapaza sauti ili wote wasikie. "Jamani, tulieni! Hata ikishindikana hakuna atakayerudi na ng'ombe wake. Kanuni inaniruhusu. Ng'ombe asiyeonekana kwenye sajili, mwenyewe alete mashahidi wawili wanaomjua, nami nitamwandikia kibali kwa mkono. Ila tunaanza na wanaoonekana."

*

Baba yake Boitshepo, Rre Keoagile, ndiye aliyefika wa mwisho. Alikuwa ameondoka zizini kwake mbalamwezi ikiwa bado ipo, lakini ng'ombe wenye njaa hawaharakishwi. Sasa aliketi juu ya debe lililopinduliwa kando ya mlango wa ofisi, kofia gotini, na majirani wawili aliowachagua wamesimama karibu naye. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na amewaleta wote, maana chama husoma hereni za zizi zima. Mpango wake aliupanga na mkewe kwa wiki nzima: wanane wauzwe, mitamba watatu wabaki, na fedha ya wale wanane iwanunulie hawa watatu majani makavu na pumba mpaka mvua itakaporudi. Mtu mwenye mitamba watatu hajaangamia. Mungu akipenda, ataanza tena.

Ndani, Boitshepo alibofya kwenye namba mojawapo iliyosomwa na fimbo. Kile kistari kinachopepesa kikasimama mbali kidogo na tarakimu ya mwisho, kama mgeni anayeogopa kukaribia moto. Alikitazama. Kati ya tarakimu na kistari palikuwa na kitu kisichoonekana. Fimbo ilikuwa ikiacha nafasi tupu mwishoni mwa kila namba, na kwa kompyuta namba yenye nafasi na namba isiyo na nafasi si ndugu.

"Nimekuona," akanong'ona.

Alizikata zile nafasi zote. Majina yakamwagika kwenye skrini kama mtama kutoka kwenye gunia, kila mtu na wake. Nje kulisikika vigelegele. Rre Ditirwa akaanza kuita, mashine ya kuchapa ikaanza kukohoa karatasi, na ng'ombe wa kwanza wakapandishwa.

"Seabelo, mmoja!" mwenyekiti aliita.

"Mmoja tu?" Mma Seabelo akashika kiuno. "Asubuhi nilikuwa na mia nne. Chama cha wezi hiki!"

Hata dereva, ambaye alikuwa mgeni pale, alicheka.

Boitshepo alishuka na orodha polepole, akisoma majina, akimshukuru Mungu kwa kila moja. Alipofika chini kabisa akakuta mistari kumi na moja ambayo bado iliandika haipo. Hakuhitaji kuulizwa ni ya nani.

*

Mama yake alifika saa tano na ushei akiwa na bakuli la uji mgumu wa mtama na mboga iliyokaushwa, limefunikwa kwa kitambaa. Watu walimwita MmaBoitshepo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliwagawia majirani wawili kwanza, kisha mumewe, kisha akapenyeza kijibakuli dirishani.

"Kula, mwanangu. Wenzetu wamepakia, sisi je?"

"Wetu hawajaonekana, mama. Kuna kosa jingine."

"Acha tu," Rre Keoagile akasema kutoka pale debeni. Hakugeuza kichwa. "Mwenyekiti ameshasema ataandika kwa mkono. Mashahidi ninao. Usijichoshe."

"Sijichoshi, baba. Ni kazi yangu."

"Nimesema acha, mwanangu. Kalamu nayo huandika."

Boitshepo aliyachukulia maneno yale kuwa unyenyekevu wa baba yake, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kupisha wengine kisimani. Lakini yeye binti hakutaka hivyo. Vibali vya wenzake vyote vilitoka mashineni, vimenyooka, vyeusi, na mhuri. Kwa nini cha baba yake kiandikwe kwa mkono kama cha mtu anayeombewa? Na tena na binti yake mwenyewe akiwa ndiye ameketi mbele ya mashine. Wangesema kasoma masomo ya jioni mpaka fedha za nauli zimewaishia nyumbani, na ng'ombe wa baba yake hawaoni.

Akausogeza uji kando. Alifungua fomula ya mstari wa kwanza, akaisoma. Kisha akafungua ya mstari wa mwisho. Akarudi ya kwanza. Alikaa hivyo kwa muda, macho yakipanda na kushuka, mpaka akaliona.

Alipoivuta ile fomula kwenda chini, eneo la kutafutia nalo lilikuwa likishuka. Kwenye mstari wa kwanza fomula ilianza kutafuta juu kabisa ya sajili. Kwenye mstari wa pili ilianza hatua moja chini, wa tatu mbili, hivyo hivyo. Ilipomfikia aliyekuja wa mwisho ilikwisha kuyapita majina ya juu yote. Yeyote aliyeandikishwa mapema miaka ile, hereni zilipoanza kufungwa, fomula ilimpa mgongo.

"Kumbe ni hilo tu," alisema kwa sauti, na moyo wake ukajaa. "Rra! Nimeipata. Eneo halikufungwa. Baba hayuko nje ya sajili, yuko juu kabisa!"

Rre Ditirwa akaja na miwani yake. Mma Seabelo, ambaye hakuwa tena na la kufanya pale ila umbea, naye akaegemeza viwiko dirishani. Rre Keoagile aliinuka kutoka kwenye debe.

"Boitshepo," akaita.

Lakini yeye alikwisha kuweka alama za kufunga eneo, akavuta fomula chini, akaachia kidole.

Mistari yote kumi na moja ikajazwa mara moja.

"Sebina, Moatlhodi," mwenyekiti akasoma kwa sauti, kama alivyosoma majina yote tangu asubuhi, bila kufikiri. "Sebina, Moatlhodi. Sebina..."

"Moatlhodi?" Mma Seabelo akageukia foleni. "Jamani, Moatlhodi amefufuka! Ana ng'ombe kumi na mmoja hapa!"

Safari hii aliyecheka alikuwa mmoja, naye akaacha.

*

Kila mtu pale alimjua Moatlhodi Sebina. Alikuwa tajiri wa ng'ombe, na aliwasambaza kwa watu wasio nao, kama ilivyokuwa desturi, jambo wanaloliita mafisa. Unamtunzia mtu ng'ombe wake, unakunywa maziwa, unalima nao, na akiridhika nawe hukupa mtamba awe wako. Keoagile alimtunzia ng'ombe kwa miaka mingi. Wa Moatlhodi walikwisha kuondolewa zamani, kabla hajafa. Hawa waliobaki walikuwa uzao wa mtamba mmoja mwekundu.

"Labda imekosea tena," Rre Ditirwa akasema polepole. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Boitshepo alipitisha kidole kwenye sajili, hereni moja baada ya nyingine, kwa macho yake, bila fomula. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Haijakosea, Rra."

Alikuwa ameomba aonyeshwe kosa, naye ameonyeshwa.

"Nilikuwepo!" MmaBoitshepo akaingia ofisini bila kubisha hodi, mikono ingali na unga wa uji. "Nilikuwa nakamua. Akaja na fimbo yake, akasema, 'Keoagile, huyu mwekundu ni wako, umenitunzia vizuri.' Kwa kinywa chake! Ditirwa, wewe si unajua?"

"Ninajua, Mma. Kijiji kizima kinajua."

"Basi andika!"

Mwenyekiti alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mzee sana. "Mngebaki haipo ningeandika. Nilikuwa nimeshaandaa kalamu. Pasipo na jina naweza kuweka jina. Lakini sasa pana jina, Mma, tena limesikika mpaka barabarani. Nikiandika juu ya jina la mtu, huo ni wizi wa mifugo, na wa kwanza kufungwa ni mimi, wa pili ni huyu binti yako."

Boitshepo alitazama mikono yake. Alijua kwamba vidole viwili vingetosha kurudisha zile haipo kumi na moja. Vilikuwa pale, juu ya vitufe. Na pale dirishani walikuwa wamesongamana watu kumi wakitazama skrini wasiyoweza kuisoma, lakini jina wamelisikia.

"Baba," alisema, "kwa nini hukubadilisha hereni? Walipokuja kufunga si ungesema?"

Rre Keoagile alisimama mlangoni, kofia mikononi. "Walifunga zizi zima siku moja, wake na wangu. Chapa ilikuwa yake. Na ndama waliozaliwa baadaye waliandikwa chini ya mama zao, kwa jina lilelile."

"Na baadaye?"

"Baadaye ningemwambiaje? Mtu amekupa ng'ombe, wewe unamfuata na karatasi. Angeniuliza, 'Keoagile, unadhani nitakufa kesho?'" Akaizungusha kofia. "Na kweli hakufa kesho. Alikaa miaka. Kila mwaka niliona aibu zaidi kumwambia."

*

Walimpigia simu Othusitse, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa Gaborone. Mwenyekiti aliweka simu mezani, sauti juu, ili wote wasikie.

"Dumela, Rra," Othusitse alimsalimu Rre Keoagile kwa heshima, akamuuliza hali ya nyumbani, akamuuliza hali ya ukame. Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akashusha pumzi.

"Sikatai, mzee wangu. Huenda baba alikupa, alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini sisi tuko sita, wa mama wawili, na mirathi iko kwa mwanasheria. Leo nikisema ng'ombe hawa si wetu, ndugu zangu watasema tumewala mimi na wewe. Utanielewa."

"Nakuelewa."

"Tena nashukuru wamepatikana. Hatukujua kama wapo."

MmaBoitshepo alitoa mguno kama mtu aliyechomwa mwiba. Mumewe akamwinulia kiganja.

"Wapakie, Rra, wasife. Fedha ziingie kwenye akaunti ya mirathi, mwenyekiti anayo. Na wewe hatutakusahau. Kazi yako tunaijua."

"Kazi yangu," Rre Keoagile akarudia.

"Eeh, ya kuwatunza. Familia ikikaa tutakufikiria kitu."

"Kuna mitamba watatu," Rre Keoagile alisema. Aliinama akakaribia simu, kana kwamba Othusitse angemwona. "Hao sikuwa nawauza, mwanangu. Hao nilitaka... Wangebaki tu zizini. Siwezi kwenda nao popote."



"Wote, mzee wangu. Tafadhali. Nikibakiza hata mmoja nitaulizwa."

Nje dereva alipiga honi.

"Sawa," Rre Keoagile akasema. "Msalimie mama yako."

*

Kibali kilitoka mashineni kimenyooka, cheusi, na mhuri. Boitshepo alikisukuma kwenye meza. Kilikuwa na sehemu mbili za sahihi, ya juu na ya chini. Baba yake alichukua kalamu, akaielekeza kwenye ile ya juu, kwa sababu mtu huanzia juu.

"Hapana, baba." Aliisogeza karatasi kwa kidole. "Hiyo ni ya mwenye mali. Mwenyekiti ataiwekea alama. Wewe ni hapa chini. Aliyewaleta."

"Hapa?"

"Hapo."

Akatia sahihi polepole, jina lote, na nukta mwishoni. MmaBoitshepo alikwisha kuondoka na bakuli lake. Walimwona akiambaa ukuta wa duka, kitambaa cha kufunikia chakula amejifunika nacho kichwa.

"Baba, afadhali ningekusikiliza," Boitshepo alisema. "Uliponiambia niache."

"Ulikuwa unafanya kazi yako."

"Ningeacha tu."

"Hukujua." Aliiweka kalamu mezani, sambamba na ukingo wa karatasi. "Na mimi sikuwa na mdomo wa kukuambia mbele za watu. Tumwachie Mungu."

Boitshepo alitaka kuitikia amina, kama alivyoitikia maisha yake yote baba yake alipotaja Mungu. Neno lilifika kwenye meno likakaa hapo.

Wapakiaji walikuwa na haraka. Waliwapiga ng'ombe fimbo za mgongo, wakawapigia kelele, lakini wale kumi na mmoja walijikusanya kwenye pembe ya zizi, matako nje, vichwa ndani, wasiende mbele wala nyuma. Mtamba mmoja akapiga magoti. Dereva alitazama jua, akatukana.

Rre Keoagile akavaa kofia. Alipita katikati ya wapakiaji, akaomba fimbo zishushwe, akasimama mbele ya ng'ombe na kupiga mluzi wa chini, ule wa kuwaita kwenye maji. Yule aliyepiga magoti aliinuka. Rre Keoagile akageuka, akatembea kuelekea kipandio bila kutazama nyuma, akapanda, akaingia ndani ya lori hadi mwisho wake wa giza. Wakamfuata wote, mmoja mmoja, kwato zikigonga mbao. Kisha akatoka ubavuubavu, akijibana kati yao na ukuta, akiwagusa shingo anapopita.

Dereva alishusha mlango, akapiga komeo. Hakuwa mtu wa pale, na alikuwa kwenye usukani wakati wa simu. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa kuokolewa muda. Alitia mkono mfukoni, akatoa noti ya pula kumi.

"Chukua, mchungaji. Ya soda. Ng'ombe wa bosi wako wanakusikia kuliko sisi."

Boitshepo alikuwa dirishani. Aliona baba yake akiitazama ile noti. Foleni nzima ilikuwa ikimtazama, hata Mma Seabelo.

Rre Keoagile akaivua kofia, akaibana kwapani, akainama kidogo, akaipokea noti kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kupokea.